Namna ya kukagua fomula ya fedha za shule kabla hujaisifu

Ukiletewa fomula mpya ya kugawa fedha za shule, usikimbilie nyongeza ya watoto maskini. Mimi huanza na kiwango cha msingi, yaani fedha za kila mwanafunzi kabla ya nyongeza yoyote. Uliza kimepatikanaje. Mara nyingi watu wa bajeti wamechukua kilichokuwa mfukoni wakakigawa kwa idadi ya wanafunzi, basi. Hapo umejua mfuko una nini. Gharama ya elimu yenyewe bado hujaijua. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Kentucky, Marekani, ilitaja stadi saba ambazo shule lazima zimpe kila mtoto. Shika orodha ya namna hiyo, kisha hesabu walimu, vitabu na saa zinazohitajika kuitimiza.

Ndipo uje kwenye nyongeza. California, kwa mfumo wake wa 2013, huongeza asilimia 20 ya kiwango cha msingi kwa kila mwanafunzi wa familia ya kipato cha chini, anayejifunza Kiingereza au anayelelewa chini ya ustawi wa jamii. Wilaya ambayo wanafunzi hao wamepita asilimia 55 hupewa nyongeza ya pili kwa wale waliozidi hapo: zamani asilimia 50 ya kiwango cha msingi, sasa 65. Tufanye hesabu kwa namba nyepesi. Wanafunzi 10,000, maskini 7,500, kiwango cha msingi dola 10,000. Msingi ni milioni 100, nyongeza ya kwanza milioni 15. Waliozidi ni 2,000, kwa hiyo ya pili ni milioni 13. Iondoe hiyo ya pili uone wilaya inavyobaki, maana umaskini uliorundikana mahali pamoja hulemea shule kuliko uliotawanyika.

Angalia pia wanavyohesabiwa. Huko, mtoto maskini anayejifunza Kiingereza huhesabiwa mara moja tu. Mimi sikubaliani nalo: ana mahitaji mawili. Na kama hesabu inategemea fomu za kuomba mlo wa shule, ambamo mzazi huandika kipato chake, wazazi wasiozirudisha wanaikosesha shule fedha. Afadhali zitumike pia orodha za misaada ya serikali.

Mwisho, dai taarifa ya kila shule, si ya wilaya nzima, yenye mishahara halisi. Walimu wachanga wa mshahara mdogo hujaa kwenye shule za maskini, na mshahara wa wastani hulificha pengo hilo lote.