Unaenda Ughaibuni? Yamalize Meno Dar Kwanza

Anayejiandaa kwenda kusoma au kufanya kazi nje hukagua pasi, viza na chanjo. Meno huyaacha, akiamini kuwa huko bima italipa. Kwa mtu mzima, mara nyingi hailipi, au inalipa kipande tu.

Anza miezi 3 kabla ya safari. Kutibu mzizi (kusafisha na kuziba ndani ya mzizi wa jino badala ya kuling'oa) kunaweza kuchukua mahudhurio 2 au 3, na jino likishang'olewa, fizi hufunga ndani ya wiki chache lakini mfupa wa taya huendelea kusinyaa kwa miezi. Meno bandia yaliyotengenezwa mapema mno hulegea, yakaanza kukwaruza fizi.

Hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala zina kliniki za meno; kazi ngumu zaidi hupelekwa Muhimbili, Upanga. Kabla hujakaa kwenye kiti, pita dirisha la bima na uulize: huduma hii imo kwenye kifurushi changu, na inahitaji kibali kwanza? Kofia za meno (vifuniko vigumu vinavyovikwa juu ya jino) na meno bandia ziulizie peke yake. Kama unalipa taslimu, omba makadirio ya maandishi, jino kwa jino.

Gego likiuma, usikimbilie kung'oa. Omba eksirei. Daktari atagonga jino taratibu kwa mpini wa kioo chake; maumivu ya kugongwa mara nyingi huashiria shida kwenye ncha ya mzizi. Dawa za kuua bakteria pekee zitatuliza usaha kwa muda, lakini uozo umebaki ndani na utaamka tena, safari hii ukiwa mbali na nyumbani.

Jihadhari na kuondoka na kizibo cha muda. Vingi utavijua kwa harufu ya karafuu, kwa sababu huchanganywa na mafuta yake. Baada ya wiki kadhaa huchimbika, mate hupenya na bakteria hurudi kwenye mzizi uliokwisha kusafishwa. Dai kizibo cha kudumu, na kama ni gego, dai kofia pia: limetobolewa katikati, kuta zimebaki nyembamba, na siku ukitafuna kitu kigumu linaweza kupasuka hadi chini ya fizi. Hapo halizibiki tena.

Sasa huko uendako. Uingereza, hata ukishalipa ada ya afya pamoja na viza, matibabu ya meno ya NHS, huduma ya afya ya umma ya huko, unachangia. Viwango vya England vya Aprili 2025 vilikuwa pauni 27.40 kwa uchunguzi, 75.30 kwa kuziba, kung'oa au kutibu mzizi, na 326.70 kwa kofia au meno bandia. Mjamzito, na aliyejifungua ndani ya miezi 12, halipi. Mwanafunzi mwenye kipato kidogo ajaze fomu HC1 kuomba msamaha. Tatizo kubwa ni kupata kliniki inayopokea wagonjwa wapya wa NHS, kwa hiyo anza kupiga simu wiki ya kwanza, kabla jino halijauma.

Marekani, bima ya meno kwa kawaida huuzwa kando, nyingi zikiwa na kikomo cha dola 1,000 hadi 2,000 kwa mwaka, na kazi kubwa bima huweza isiilipie hadi usubiri miezi 6 hadi 12. Kliniki za vyuo vya udaktari wa meno ni nafuu, ila zinakula muda.

Kanada ina mpango wa serikali kwa familia zenye kipato chini ya dola 90,000 za huko zisizo na bima ya meno, lakini lazima uwe umewasilisha ritani ya kodi. Aliyeingia jana hana.

Ujerumani, bima ya umma hulipa asilimia 60 ya gharama ya kawaida ya kofia na meno bandia. Omba kijitabu cha Bonusheft siku ya kwanza kliniki: ukikaguliwa kila mwaka kwa miaka 5 unafika asilimia 70, kwa miaka 10 asilimia 75. Usiruke mwaka.

Beba eksirei kwenye simu pamoja na barua ya daktari inayotaja kila jino kwa namba, dawa ulizotumia na tarehe. Bila hivyo, daktari wa huko atapiga picha upya, na utazilipia.