SOMO: Jinsi ya kuweka daftari na kuandika taarifa ya wiki kwenye mechi ndefu za Dominions

Wakuu habari za Jumapili. Watu kama watatu hivi wameniomba niandike hili somo baada ya kusoma zile taarifa zangu za wiki za mechi yetu, sasa leo nimeshakula, umeme upo, naandika lote kwa mkupuo.

Kwa ambao hawaijui, Dominions ni gemu ya mkakati ya kompyuta inatengenezwa na Illwinter, jamaa wa Sweden, na hii ya 6 imetoka Januari 2024. Kila mchezaji ni mungu mtarajiwa ana taifa lake, ana wachawi, ana majeshi, wote mnatoa amri kwa wakati mmoja mnatuma, seva inachakata, mnapokea matokeo. Vita huvisimamii mwenyewe, unawapangia makamanda wafanye nini alafu unatazama marudio. Sisi tupo 8, wa Sinza, Tabata, Mbagala na mmoja yupo Kigamboni. Mpaka zamu ya 50 tunacheza zamu moja kwa siku, saa 3 usiku seva inachakata, baada ya hapo zamu inakuwa masaa 48 kwa sababu majeshi yanakuwa mengi. Piga hesabu, mechi ya zamu 70 inakula miezi mitatu.

Na hapo ndo penye shida. Ndani ya miezi mitatu mtu anaenda kazini, anauguza, anaenda msibani Tanga siku nne, anarudi anafungua gemu hajui lile jeshi alilipeleka pale mpakani kwa ajili ya nini. Nimeona mechi tatu zimekufa na hakuna aliyeshinda, na zote hazikufa kwa sababu mtu kapigwa, watu walipoteza uzi tu wakaacha kutuma zamu. Mchezaji mzuri wa bao anajua kete 64 zimekaaje kwenye mashimo bila kuhesabu, ila lile bao linaanza na kuisha mkiwa mmekaa palepale kwenye mkeka. Hii yetu ina mikoa zaidi ya 100 na unaigusa mara moja kwa siku ukiwa umechoka. Kichwa peke yake hakitoshi.

HATUA YA 1: Nunua daftari

Kaunta buku ya kawaida, ile ngumu, stationari yoyote ipo. Watu wananiambia tumia simu, sawa, ila mimi simu nikiifungua nakutana na meseji 40 nasahau nilichofuata. Kurasa mbili za mwanzo ziache wazi, hizo ni za mikataba tu, usiandike kingine chochote humo. Ukurasa wa tatu andika majirani, taifa lipi lipo upande gani na anayelicheza ni nani. Kuanzia wa nne ni zamu, nusu ukurasa kila zamu.

HATUA YA 2: Kopi faili la zamu kabla ya kufungua jipya

Hii wengi hawaijui na ndo inayouma zaidi. Kila zamu unapokea faili la .trn, unacheza, unatuma la .2h. Zamu mpya ikija, lile .trn la zamani linafutwa linakaa jipya juu yake, kwa hiyo ujumbe wote wa zamu iliyopita, vita vyote, matukio yote, vimeondoka na huwezi kurudi kuangalia. Tengeneza folda, ipe namba ya zamu, kopi humo faili zote mbili. Ni madogo sana yale, hata ukicheza kwa hotspoti ya simu bando halitikisiki. Ukifanya hivyo siku yoyote unaweza kurudi zamu ya 18 ukatazama tena vile vita ulivyopigwa na ukaelewa kwa nini ulipigwa.

HATUA YA 3: Dakika tano kila zamu

Ukishatuma zamu, usifunge kompyuta kwanza. Andika namba ya zamu, dhahabu, vito vya uchawi ulivyonavyo vya kila aina, utafiti umefika ngazi gani, alafu sentensi moja kwa kila jeshi, na hiyo sentensi iseme KWA NINI. Usiandike "jeshi la pili lipo mkoa wa 64", hiyo ramani inakuonyesha. Andika "jeshi la pili lipo mkoa wa 64 linasubiri makuhani wawili kutoka makao makuu ndo liende kusini, lisiende bila wao". Kesho kutwa ukiwa na usingizi utajishukuru. Na walichokiona mashushushu wako kiandike na namba kabisa, walinzi wangapi, kamanda gani, zamu ya ngapi, maana namba moja peke yake haina maana yoyote mpaka uwe na ya pili ya kulinganisha nayo.

HATUA YA 4: Mikataba

Hapa naomba msome taratibu.

Kwenye hizi mechi watu wanawekeana mikataba ya kutoshambuliana, na iliyozoeleka ni ya notisi ya zamu 3, yaani ukitaka kuvunja unamwambia mwenzako, zinapita zamu tatu ndo unaruhusiwa kupiga. Mechi yetu hii mimi nacheza Machaka, lile taifa lenye sura ya Afrika, wapiganaji wanapanda buibui wakubwa na mpandaji akiuawa buibui anaendelea kupigana mwenyewe. Kaskazini yangu Ulm, wenye askari wa chuma kizito, kusini Ermor, himaya ya wafu, mashariki C'tis ambao ni mijusi.

Wiki ya 6, siku ya Alhamisi, zamu ya 39. Nipo kwenye mwendokasi natoka Kimara naenda Gerezani, nimesimama, begi nimelivaa kifuani, simu inaita kwenye mfuko, natoa, ni jamaa wa Ulm ameandika "mkuu kuanzia leo natoa notisi ya mkataba wetu". Nikamjibu "sawa mkuu, nimeipata". Basi likafika Magomeni watu wakashuka wakapanda, simu nikairudisha mfukoni, na ndo ikaishia hapo, sikuiandika popote. Usiku nimefika nyumbani nimecheza zamu kama kawaida, buibui wangu wote nikawapeleka kusini kwa Ermor.

Ijumaa 40, Jumamosi 41, Jumapili 42. Jumatatu nafungua zamu ya 43 nakuta ngome yangu ya kaskazini imezingirwa na watu wa chuma 60, ndani nina walinzi 6 na mchawi mmoja. Jeshi langu lipo mikoa mitatu mbali. Jamaa hakuvunja kitu, alitimiza neno lake zamu kwa zamu, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. Nilichokosa mimi ni mstari mmoja kwenye daftari.

Kwa hiyo mkataba unaandikwa hivi: nani, zamu uliyofungwa, notisi ya zamu ngapi, na siku notisi ikitoka unaandika papo hapo ZAMU YA KWANZA ambayo amri ya kushambulia inaruhusiwa. Usiandike "zamu tatu zijazo". Alafu kubalianeni mapema mnahesabu nini, maana amri ukiitoa zamu ya 42 vita unaviona zamu ya 43, sasa mmoja anahesabu amri mwingine anahesabu vita, hapo ndo urafiki unapovunjika bila mtu kudanganya. Mimi siku hizi namwandikia mtu kabisa "kwa hiyo amri ya kwanza halali ni zamu ya 42, ndiyo?" na nasubiri ajibu ndiyo.

HATUA YA 5: Taarifa ya wiki

Jumapili unachukua daftari, unasoma zamu saba, unaandika taarifa moja ya watu wote kusoma. Jambo hili ni la zamani, mwaka 1963 Mmarekani John Boardman alianza kuchezesha Diplomacy, gemu ya mezani ya vita na mikataba, kwa njia ya posta na matokeo ya kila zamu alikuwa anayachapa kwenye jarida, wachezaji wanasubiri liwafikie. Sisi tuna WhatsApp, hatuna kisingizio.

Ya kwangu ya wiki ya 7 ilikuwa hivi, naiweka kama mfano:

"Wiki ya 7, zamu 43 hadi 49. Kaskazini Ulm wameingia ngome ya mlimani zamu ya 45, walinzi wote wamekufa. Mchawi wangu alipanga kuwasha moto raundi mbili alafu kukimbia, akawasha, hakuwahi kukimbia. Kusini Ermor wamesimama. Makuhani wangu wanne wamefukuza wafu wengi kuliko buibui walivyoua. Ila mkoa wa mpunga unakufa, ulikuwa na watu elfu 9 sasa elfu 6, popote imani ya Ermor inapofika raia wanakwisha. Mashariki C'tis wamedai kiti cha enzi cha pili, wana pointi 3, mechi inaisha kwa pointi 6, wengine wote mnaona?"

Basi, haizidi hapo. Anza na kilichobadilika, mahali ambapo hakuna kitu ruka. Weka jambo moja lililokugusa, kama yule mchawi, watu wanakumbuka mchawi mmoja kuliko jeshi la 200. Mipango yako usiiseme, na siri aliyokupa mwenzako kwenye mazungumzo usiitoe hata kama mkataba wenu umekwisha. Mimi mahali jeshi langu lilipo leo sisemi, nasema lilipokuwa zamu mbili nyuma.

Na ile sentensi ya mwisho ya C'tis niliiandika kwa makusudi. Taarifa ya wiki ni silaha pia. Watu wawili walikuwa hawajaangalia viti vya enzi, ambavyo ndo vinatoa zile pointi za ushindi, walivyosoma wakaanza kusogeza majeshi.

MASWALI YA WADAU

Dada wa Mbezi: Natoka kazini saa 2 usiku, nafika nyumbani saa 3 kasoro. Nitawezaje zamu ya kila siku pamoja na daftari?

Jibu: Dada yangu zamu za mwanzo ni dakika kumi tu, una jeshi moja na mikoa mitano. Omba mechi ambayo seva inachakata alfajiri, zipo, mkikubaliana inawezekana. Daftari liwe kitandani, ukizidiwa na usingizi andika ile "kwa nini" tu.

Kijana wa Kigogo: Mbona gemu ina grafu zinaonyesha nani ana mikoa mingi, jeshi, utafiti? Daftari la nini tena?

Jibu: Grafu anayeanzisha mechi anaweza kuzizima na sisi tumezizima. Hata zikiwepo zinakuonyesha wingi, hazikuonyeshi nani kakuahidi nini.

Mzee wa Temeke: Kijana, umeme ukikatika saa 2 na sijatuma, inakuwaje?

Jibu: Shikamoo mzee. Seva haikusubiri muda ukiisha, na usipotuma majeshi yako yanakaa hayasogei, kwa mtu aliye vitani zamu moja hiyo inatosha kumuua. Dawa yake ni kutuma mapema hata kama hujamaliza, maana unaruhusiwa kutuma tena na tena kabla muda haujafika, inachukuliwa ya mwisho. Mimi asubuhi natuma ya haraka haraka, usiku natuma ya ukweli. Na ukijua unasafiri sema kwenye grupu siku mbili kabla muda usogezwe, hakuna atakayekukatalia.

Chui wa Tabata: Mimi ni mgeni kabisa, nianze na taifa gani? Nataka Machaka kwa ajili ya jina.

Jibu: Jina kweli linavutia, ni vichaka vile vile. Ila kwa kujifunza anza na Ulm wa enzi ya kati. Askari wao wana chuma kizito hawafi ovyo, uchawi wao hauna mambo mengi, utapata nafasi ya kujifunza dhahabu na ugavi wa chakula kwanza. Jeshi likikosa chakula linaanza kuugua, na ugonjwa humu hauponi kirahisi. Machaka chukua mechi ya pili.

Kijana wa Kigogo: Alafu inachezeka kwenye simu?

Jibu: Hapana, kompyuta tu. Haihitaji kompyuta ya gharama lakini, ya kwangu ni ya mtumba.

Dada wa Mbezi: Mkuu ile ngome ya mlimani uliirudisha?

Jibu: Niliirudisha dada. Niliweka shushushu mkoa wa jirani na kila zamu nikawa naandika idadi. Zamu ya 46 walinzi 60, ya 48 wapo 41, ya 49 wapo 19, nikajua amewatoa kwenda kugombania viti na C'tis. Zamu ya 51 nikaizingira na buibui 14, zamu mbili lango likaanguka, ya tatu tukaingia. Maabara tumekuta wameshaibomoa, najenga upya sasa hivi, na mchawi mpya ameshafika.