Ukija kulala Gangilonga, piga simu kabla ya kupanda basi

Nimekaa mapokezi ya hoteli ndogo ya Gangilonga, hapa Iringa, kwa miaka mingi. Linaloniuma ni kumwona Mtanzania mwenzangu amelipa fedha nzuri, kisha analala kinyonge, haombi kitu, kana kwamba amekaribishwa kwa hisani. Hoteli hizi zina vyumba vichache. Bei yake inapita ya gesti za karibu na soko, lakini anayepokea simu yako mara nyingi ndiye atakayekufungulia geti. Basi mtumie.

Piga jana yake. Uliza bei ni ya chumba au ya mtu, na kama chai ya asubuhi imo. Ukitajiwa dola, omba utajiwe shilingi: tangu Machi 2025 kanuni zinakataza huduma za hapa nchini kutangazwa au kutozwa kwa fedha za kigeni. Ukilipa, chukua risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Hata wewe mwajiriwa utaihitaji kazini.

Halafu uliza habari ya baridi, na hapa usione haya kuuliza sana. Wageni wa Dar hutuuliza kiyoyozi. Mji huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti usiku unauma kweli. Chumba kizuri miezi hiyo ni kile kinachopigwa na jua la jioni, maana ukuta hubaki na joto unapoingia kulala. Omba blanketi la pili liwekwe kabla hujafika. Uliza pia maji yanachemshwa na nini. Kama ni mitambo ya jua, oga jioni; alfajiri tangi huwa limepoa, hasa siku ikiwa na mawingu. Kama ni hita ya umeme, uliza swichi iko wapi, kwani mara nyingi iko nje ya bafu, na wageni wengi wameoga maji ya baridi huku hita ipo.

Mabasi makubwa yanashusha Igumbilo, chini kwenye barabara kuu, nje ya mji. Kutoka pale chukua bajaji na mkubaliane bei kabla hujakaa. Hoteli zetu zimejificha kwenye vichochoro vya makazi, kwa hiyo mpe dereva simu aongee na mapokezi.

Ukifika, salimia. "Kamwene" moja, salamu ya Kihehe, inakufungulia mengi kuliko kitambulisho chako, ingawa nacho kitatakiwa kwa ajili ya kitabu cha wageni. Mhudumu ni dada au kaka, mpishi ni mama. Hatuitani kwa mluzi.

Chakula cha usiku agiza mapema, ikiwezekana kwenye simu ileile. Jikoni kwetu tunapika kwa oda, na kuku wa kienyeji hataki haraka. Asubuhi usikubali soseji na mkate tu. Omba parachichi, viazi, maziwa mgando na chai ya Mufindi, vitu vya hukuhuku ambavyo baadhi ya hoteli huviacha kwa kudhani mgeni hataki vya kwao. Ukitaka kwenda Hifadhi ya Ruaha, kilomita kama 130, sema tangu jioni ufungiwe chakula, uondoke alfajiri.

Jioni panda jiwe la Gangilonga, ambako wazee husimulia kwamba Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alikuwa akikaa kutafakari. Mji wote unauona. Omba kijana wa hoteli akusindikize, mshuke kabla ya giza. Siku ya pili nenda Kalenga, kwenye makumbusho yenye fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Nataka kila Mtanzania asimame pale.

Siku ya kuondoka, kukabidhi chumba huwa saa nne asubuhi, lakini mabasi yanayotoka Dar kwenda Mbeya hupita hapa mchana. Usikae getini na mizigo. Acha begi mapokezi, hatutozi, nenda soko kuu uchague kikapu cha milulu, nyasi za kusukia, kisha urudi na muda wa kutosha wa kushuka Igumbilo.