Jinsi ya Kusomea Utengenezaji wa Gemu Chuo Kikuu Uingereza Bila Kuacha Kazi

Anayetaka kusomea utengenezaji wa gemu katika chuo kikuu cha Uingereza bila kuacha kazi aanze na hesabu ya saa kabla ya orodha ya vyuo. Shahada ya kwanza huko England ina krediti 360, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, mihadhara, mazoezi na kazi za tathmini zote zikiwamo. Anayesoma kwa nusu ya kasi ya kawaida huchukua krediti 60 kwa mwaka, yaani saa 600, ambazo zikigawanywa katika wiki 30 za masomo huwa saa 20 kila wiki, kwa miaka 6. Kwa mwenye ajira ya kutwa na watoto nyumbani, mzigo huo si haba.

Suala la viza nalo lisicheleweshwe. Mgeni mwenye viza ya mwanafunzi huruhusiwa masomo ya muda, yaani yasiyo ya kutwa, katika ngazi ya uzamili na kuendelea tu, tena bila ruhusa ya kufanya kazi. Mpango huu basi unawafaa raia na wakaazi.

Kinachofuata ni fani. Tangu chuo cha Abertay, mjini Dundee, kianzishe shahada ya gemu za kompyuta mwaka 1997, shahada za aina hiyo zimekuwa nyingi, na majina yao yanafanana kuliko yaliyomo. Soma orodha ya moduli, yaani masomo yanayounda shahada: palipo na lugha ya programu ya C++ na hisabati ya vekta utafundishwa uandishi wa programu, palipojaa uchoraji na uundaji wa maumbo ya pande tatu, hiyo ni sanaa.

Ukiwa bado hujaamua, pakua Godot, injini ya gemu (programu ya kutengenezea gemu) isiyolipiwa, utengeneze mhusika mmoja anayetembea tu. Ukimsogeza pikseli 5 kwa kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa kwenye skrini, kompyuta inayochora fremu 30 kwa sekunde itampeleka pikseli 150, na inayochora 60 itampeleka 300, hivyo gemu ileile itakuwa goigoi kwako na ya kasi kwa jirani. Dawa yake ni kupanga kasi kwa sekunde, kisha kuizidisha kwa muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Ikiwa kusaka hitilafu ya namna hiyo usiku, baada ya kazi, kunakuburudisha, chagua uandishi wa programu.

Kwa maoni yangu, kizingiti kikubwa ni mradi wa kikundi, kwa sababu wenzako wa kutwa hukutana mchana ukiwa kazini. Kuweka faili zote kwenye Git, mfumo wa kutunza na kushirikiana matoleo ya faili, husaidia, ila hakuondoi vikao. Mwulize mratibu wa shahada vikao hivyo hufanyika siku na saa zipi, na kama wanafunzi wa muda huruhusiwa kuunda kikundi chao, nawe upate jibu kwa maandishi kabla ya kulipa ada.