Una tatu ya 14? Piga hesabu hivi kabla hujalipa hela ya maombi

Matokeo ya form six yakitoka tu swali ni lile lile, "nina tatu ya 14, chuo napata?" Hiyo 14, yaani divisheni ya tatu yenye pointi 14, haisemi kitu jamani. Pointi za divisheni na pointi za kuingilia chuo ni vitu viwili na zinaenda kinyume, kwenye divisheni A ni 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6, F 7, ndo maana ndogo ndo nzuri. Chuo wanageuza, A 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S nusu. Hiyo ni kwa waliomaliza 2016 kuja huku, wa 2014 na 2015 wana hesabu yao sababu enzi zile kulikuwa na B+.

TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wanachotaka ni prinsipo mbili, yaani E kwenda juu, zenye jumla ya pointi 4 kwenye masomo mawili ambayo kozi yenyewe imeyataja. Mawili tu, la tatu halijumlishwi.

Sasa chukua watu wawili wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), wote tatu ya 14. Wa kwanza ana C, E na S, 3+1 anapata 4, huyo anaaplai. Mwenzie ana D, E, E, prinsipo zote tatu anazo ila mbili bora ni 2+1, tatu, hafiki. Inauma kwa kweli, mwenye prinsipo tatu anabaki mwenye mbili anaenda, ndo hesabu ilivyo.

GS (General Studies) usiihesabu kabisa, na BAM (Basic Applied Mathematics, ile hesabu ndogo) nayo sio prinsipo.

Ukishafikisha 4 usikimbilie kulipa, ingia tovuti ya TCU pakua gaidibuku, kile kitabu cha vigezo vya kila kozi (ziko mbili, ya form six na ya diploma, usichanganye) tafuta chuo, tafuta kozi, halafu soma vigezo neno kwa neno maana hapo ndo wengi wanaanguka. Udaktari kwa mfano unataka prinsipo zote tatu za Fizikia, Kemia na Baiolojia na pointi kuanzia 6, kwa hiyo 4 yako haikusaidii. Kozi nyingi za biashara kama hukusoma Advansi Hesabu wanataka angalau S ya BAM au D ya Hesabu ya form four, kwa hiyo kile cheti ulichokitupa kabatini kitoe.

Wa diploma nyie mnatakiwa GPA isiyopungua 3.0 na pasi nne za form four kuanzia D, masomo ya dini hayamo, alafu mchukue namba ya uhakiki, AVN, kutoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, mapema.

Na yule wa D, E, E? Anaweza kurudia mtihani, kwenda diploma, au kusoma faundesheni (kozi ya maandalizi ya digrii) ya Chuo Kikuu Huria, mimi ningemwambia faundesheni maana diploma ni ndefu na mtihani wa kurudia ni bahati nasibu.

Maombi unatuma moja kwa moja chuoni, sio TCU. Mkopo unaombwa kivyake Bodi ya Mikopo, usikae kusubiri kwanza uchaguliwe.