Msimu wa kampeni, acha dole gumba

Ukiwa Uganda wakati wa kampeni, usiseme "sawa" kwa dole gumba, hasa kwenye picha ya pamoja au kwa konda wa taksi aliyejaza abiria. Mombasa au Dar ni "poa" tu. Hapa ni saluti ya NRM, chama tawala. Vidole viwili vya V ni vya chama cha upinzani cha FDC, na kiganja kilichokunjuliwa ni alama ya chama cha UPC tangu enzi za rais Obote, kwa hiyo hata kupunga mkono kuna wenyewe. Badala yake inua nyusi zote mbili, haraka, mdomo umefumba. Waganda wengi hujibu ndiyo hivyohivyo, tena nyusi hazina chama. Kwenye picha, shika hata chupa ya maji.

Ishara ya nyusi haifai ukiwa nyuma ya bodaboda, dereva hakuoni, sema tu. Mgeni kutoka Ulaya naye atadhani umeshangaa. Na ukiwa umevaa fulana ya njano, rangi ya NRM, nyusi hazitakusaidia. Bereti nyekundu ndiyo usiiguse kabisa: tangu 2019 imeorodheshwa kuwa vazi la jeshi.