Jinsi ya kutengeneza ratiba yako ya magharibi na isha hapa Lewiston, Maine

Kila Ramadhani ikikaribia mambo ni yale yale, simu zinalia, magharibi leo saa ngapi, mmoja anarusha ratiba ya Boston kwenye grupu, mwingine ya Ohio kaipata kwa shemeji yake, mwisho kila nyumba inafuturu kivyake. Mimi ndiye huwa natengeneza ratiba ya majirani zangu hapa Lewiston, Wakongo, Warundi, watu wa Kakuma na Dadaab, na mtu wa pwani mmoja mmoja, na kazi yenyewe si kubwa, ni ya jioni moja tu ukishajua unatafuta nini. Hata kama hufungi, ila una timu ya watoto ya mpira au unarudi kazini kwa miguu, itakufaa.

Kwanza elewa kwa nini huku inasumbua. Dar au Mombasa jua linazama saa kumi na mbili na kitu, leo, kesho, mwaka mzima, mabadiliko hayafiki hata saa moja. Hapa mwanzoni mwa Desemba linazama saa kumi na dakika 3 jioni, na mwishoni mwa Juni saa mbili na dakika 28 usiku. Ndiyo, saa mbili usiku jua bado lipo, zoea tu.

Hatua ya 1: Hakikisha ni Lewiston yenyewe

Usicheke, hapa ndipo wengi wanapopotea. Kuna Lewiston ya Idaho huko magharibi kabisa, kuna na ya New York, na apu nyingi ukiandika jina tu inakuchagulia inayotaka yenyewe. Ubaya wa ile ya Idaho ni kwamba Desemba saa zake zinakaribia za kwetu mno, zinapishana dakika moja mbili, kwa hiyo hushtuki, halafu Juni inakupeleka mbele robo saa nzima. Ndo maana mimi siandiki jina, naandika namba: latitudo 44.10, longitudo -70.21. Hiyo alama ya kutoa usiisahau, maana yake upo magharibi ya Greenwich, ukiiacha umeshahamia Kazakhstan.

Hatua ya 2: Chukua jedwali la mwaka mzima

Nenda kwenye tovuti ya US Naval Observatory, ni ya jeshi la majini la Marekani na ni bure, tafuta jedwali la jua kuchomoza na kuzama kwa mwaka. Weka zile namba, kwenye ukanda wa saa weka 5 magharibi, chagua mwaka, inakuletea ukurasa mmoja wenye miezi yote 12. Unaweza kutumia pia kikokotoo cha jua cha NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, kizuri kwa siku moja moja, lakini kwa ratiba ya kubandika ukutani mi napenda lile jedwali.

Ratiba ya Boston je? Si ni karibu tu? Karibu kwa gari. Desemba jua la Boston linachelewa kama dakika 9 kuliko la kwetu, hapo ukiifuata utakaa na njaa kidogo basi. Lakini Juni inageuka, Boston linatangulia kama dakika 3 au 4, yaani unatia tende mdomoni na jua la Lewiston halijazama! Na ya mbali zaidi ndo usiiguse kabisa. Ndugu zetu wa Garden City, Kansas, wanaofanya kazi za viwanda vya nyama kule, wako kusini zaidi yetu na mchana wao wa Juni ni mfupi kuliko wa kwetu, lakini saa zao zinasoma magharibi saa tatu na dakika 9 usiku, kwa sababu wako ukingoni kabisa mwa ukanda wao wa saa upande wa magharibi na sisi tuko upande wa mashariki wa ukanda wetu. Kwa hiyo saa ya ukutani inategemea pia umekaa wapi ndani ya ukanda, haitoshi kujua kaskazini au kusini.

Hatua ya 3: Saa kusogezwa

Huku Marekani saa za ukutani husogezwa mbele saa moja Machi, zinarudishwa Novemba, ila lile jedwali halisogezi saa, linaandika saa za kawaida mwaka mzima, wewe ndo uongeze saa moja kuanzia Jumapili ya pili ya Machi mpaka siku ya kabla ya Jumapili ya kwanza ya Novemba. Chukua kalamu nyekundu upige mstari pale pale. Mwaka 2025 na 2026 hii kitu iliangukia katikati ya Ramadhani, mfano tarehe 7 Machi 2026 magharibi ilikuwa kama saa kumi na moja na dakika 37 jioni, kesho yake kama saa kumi na mbili na dakika 38. Mama mmoja jirani yangu anahudumia wazee shifti ya jioni, na bosi wake alishamwandikia mapumziko saa kumi na moja na nusu mwezi mzima, sasa tukachukua ile karatasi tukaikunja pale pale kwenye mstari mwekundu, akaenda nayo kabla ya wiki kuanza, akabadilishiwa bila maneno mengi. Karatasi ina nguvu kuliko maelezo, hasa Kiingereza kikiwa bado cha kuokoteza.

Hatua ya 4: Giza lenyewe, yaani isha

Jua kuzama si giza kuingia. Ukitaka tu kujua watoto wataona mpira mpaka saa ngapi, hesabu nusu saa baada ya jua kuzama, hapa inacheza kati ya dakika 29 na 36, hapo jua limeshuka digrii 6 chini ya upeo. Isha ni habari nyingine, wapo wanaohesabu digrii 15, wengine 17, wengine 18, na apu nyingi za huku zinakuja zimewekwa hesabu ya ISNA, jumuiya ya Waislamu wa Amerika Kaskazini, ambayo ni 15. Desemba tofauti ya 15 na 18 ni kama dakika 17 tu, nani atagombana. Ila Juni 15 inakupa saa nne na dakika 20 usiku, 18 inakupa saa tano kasoro dakika 6, na mtu anaamka alfajiri kwenda kazini. Mi siwezi kukuchagulia, uliza msikiti wako, ila chagueni moja muiandike juu ya ratiba kwa herufi kubwa, maana apu mbili zikitofautiana mara nyingi sababu ni setingi hii.

Digrii 18 unaipata jedwali lile lile, badilisha tu kutoka kuzama kwa jua uweke mwanga wa mwisho wa kinajimu (Astronomical Twilight). Digrii 15 halina, toa kwenye apu.

Hatua ya 5: Ongeza dakika kisha printi

Jedwali linahesabu upeo ulio tambarare na linaandika dakika nzima tu. Mimi naongeza dakika 2 kwenye magharibi. Kama jua limejificha nyuma ya miti ng'ambo ya mto, Auburn kule, hiyo si magharibi bado, fuata karatasi.

Mwaka ujao huna haja ya kuanza upya, tarehe ile ile jua hupishana dakika moja hivi, badilisha tu tarehe za Ramadhani na sehemu ya mstari mwekundu.